Maswali ya Wasomaji: Rivolva ya Bei Nafuu, Je, Inalenga?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Columbus, Ohio, na nina kibali cha makazi ya kudumu. Wenzangu kazini wamenizoesha kwenda nao kwenye uwanja wa shabaha Jumamosi, na sasa nimechoka kuazima. Dukani nimeonyeshwa rivolva mbili, yaani bastola za silinda inayozunguka, za risasi ndogo ya .22 (kipenyo cha inchi 0.22 hivi): Heritage Rough Rider, ambayo bei yake ni kama dola 150, na Ruger Wrangler, ambayo ni kama dola 200. Mwenzangu mmoja ananiambia kwamba zote mbili ni vitu vya kuchezea, kwamba hazipigi pale zinapolengwa, na kwamba ni afadhali nidunduize mpaka nifikishe zaidi ya dola 600 ninunue Ruger Single-Six. Sina nia ya mashindano wala ya kujihami. Nataka kutoboa karatasi na kuangusha makopo. Je, ni kweli kwamba nitakuwa nimetupa fedha zangu?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako amesema nusu ya ukweli. Rivolva za bei hiyo hazikuundwa kwa ajili ya mashindano, na mtu aliyezoea silaha ya mashindano akizishika ataona tofauti tangu risasi ya kwanza. Hata hivyo, kazi uliyoitaja wewe, yaani karatasi na makopo kwa umbali wa yadi 7 hadi 15, haihitaji silaha ya namna hiyo, na fedha zinazozidi hapo hununua usahihi ambao mkono wa mlengaji wa Jumamosi hauwezi bado kuufaidi.

Tuanze na mkono wenyewe, kwa sababu ndiko makosa mengi yanakotoka. Katika rivolva fupi, kilengeo cha mbele, yaani kile kipande chembamba cha chuma kilichosimama kwenye ncha ya mtutu, na kile cha nyuma, ambacho ni mfuo tu uliochongwa juu ya kiunzi, hutengana kwa takriban milimita 150. Ukiyumba kwa nusu milimita kati ya hivyo viwili, risasi itakosea kwa sentimita 5 kwenye karatasi iliyo mita 15 mbele yako. Nusu milimita ni upungufu ambao jicho halioni, na kidole kinachovuta kifyatulio kwa pupa huuzidi mara mbili au tatu. Kwa hiyo mlengaji mpya anayeona matundu yake yametawanyika upana wa sahani asikimbilie kuulaumu mtutu. Ampe silaha hiyo hiyo mtu mzoefu, aipige ikiwa imeegemezwa juu ya mfuko wa mchanga, halafu alinganishe karatasi mbili. Kwa rivolva nzuri ya bei hii, pamoja na risasi zinazoipenda, mtu huyo atatoa kundi la matundu la inchi 2 au 3 kwa yadi 25. Kopo la soda lina upana wa inchi 2 na nusu hivi.

Sasa tuje kwenye silaha. Rivolva yenye vyumba sita ni sawasawa na bunduki sita zinazotumia mtutu mmoja, kwa maana kila chumba cha silinda hutobolewa peke yake, na kila kimoja hutakiwa kusimama sambamba na mtutu wakati nyundo inapodondoka. Risasi hutoka chumbani, huvuka mwanya mdogo ulio kati ya silinda na mtutu, kisha huingia kwenye mdomo wa nyuma wa mtutu, uliopanuliwa kidogo ili kuipokea. Ikiwa chumba hakikusimama sawa, risasi huingia ikiwa imekwaruzwa upande mmoja, na risasi ya .22, ambayo ni risasi laini isiyo na koti gumu la shaba, hupoteza umbo lake kwa urahisi. Hapo ndipo gharama za utengenezaji zinapojitokeza: kiwanda kinachouza kwa dola 600 hutumia muda mwingi zaidi kulinganisha vyumba hivyo, ilhali kile kinachouza kwa dola 150 hukubali kwamba chumba kimoja au viwili vitakuwa na tabia zao.

Jambo hilo unaweza kulipima mwenyewe, na ningependa ulifanye mapema. Silinda ikiwa tupu, iandike namba 1 hadi 6 kwa kalamu ya wino mzito, namba moja kando ya kila chumba. Bandika karatasi sita. Kwenye karatasi ya kwanza piga risasi tano kutoka chumba namba 1 peke yake, ukijaza chumba hicho tu kila mara. Kwenye ya pili, chumba namba 2, na kuendelea hivyo hivyo, silaha ikiwa juu ya mfuko wa mchanga na ukitumia risasi za sanduku moja. Itakuchukua risasi 30 na subira. Mara nyingi utakuta vyumba vinne au vitano vinapiga mahali pamoja na kimoja kinatupa risasi pembeni, na tangu siku hiyo utaacha kujilaumu kwa lile tundu moja linalokaa mbali na wenzake. Baadhi ya walengaji hukiacha chumba hicho kitupu wanapotaka karatasi safi. Iwapo vyumba vyote sita vinatawanya, rudisha silaha kwa mtengenezaji kwa utaratibu wa dhamana, maana hilo si suala la bei tena, ni ubovu.

Kuhusu uchaguzi kati ya hizo mbili, mimi ningeongeza zile dola 50. Wrangler ilitoka mwaka 2019 ikiwa na bei ya orodha ya dola 249, na lengo lake lilikuwa kuwafikia wateja ambao Single-Six, iliyoanza mwaka 1953, imewatoka kwa bei. Kiunzi chake ni cha aloi ya aluminiamu, silinda na mtutu ni vya chuma, na ndani yake mna kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini (ile inayoigonga risasi ili ilie) pale tu kifyatulio kinapovutwa. Maana yake ni kwamba nyundo ikigongwa kwa bahati mbaya haiwezi kuipiga pini. Rough Rider ina kiunzi cha aloi ya zinki, na usalama wake unategemea kitasa kidogo kilicho kando ya nyundo, ambacho mtu lazima akumbuke kukigeuza. Ni silaha inayofanya kazi, na nimeona karatasi zake ambazo zingemwaibisha mwenye silaha ya bei mara tatu; lakini skrubu zake hulegea upesi, na kwa mtu anayepiga mamia ya risasi kila mwezi tofauti hiyo huonekana baada ya muda. Kwa anayepiga sanduku moja katika msimu mzima, haitaonekana kamwe. (Aliye Illinois asijisumbue kuitafuta Rough Rider: sheria ya jimbo lile inakataza mfanyabiashara kuuza bastola yenye kiunzi cha aloi ya zinki kinachoyeyuka chini ya nyuzi 800 za Fahrenheit.)

Kabla ya kulipa, mwombe mwuzaji akuonyeshe kwamba silinda ni tupu, kisha itazame kwa mwanga. Kilengeo cha mbele kimesimama wima au kimeegemea upande? Mtutu ukifungwa kwa skrubu zaidi ya inavyotakiwa, au pungufu, kilengeo huinama, na silaha hiyo itapiga kushoto au kulia maisha yake yote mpaka fundi bunduki auzungushe mtutu, kazi ambayo huenda ikakugharimu nusu ya bei ya silaha. Vuta nyundo nyuma polepole huku ukiishikilia kwa kidole gumba, halafu jaribu kuitikisa silinda. Kucheza kidogo ni kawaida, lakini isiwe inagongana. Tazama mwanya kati ya silinda na mtutu pande zote mbili, uone kama upana wake ni ule ule. Usifyatue ikiwa tupu isipokuwa kitabu cha maelekezo cha silaha hiyo kimeruhusu, kwa sababu katika silaha za risasi ya aina hii pini inaweza kugonga ukingo wa chumba na kuacha alama.

SWALI: Nilinunua Wrangler mwaka jana, nami ninapenda jinsi inavyokaa mkononi, ila inapiga chini ya pale ninapolenga. Nimebadilisha risasi mara kadhaa na kila aina inapiga mahali pake. Nifanye nini, ilhali vilengeo vyake havina skrubu ya kurekebisha? — Msomaji wa Houston, Texas.

JIBU: Ndugu yangu wa Houston, kubadilisha risasi kabla ya kurekebisha silaha ni hatua sahihi, ila sasa uchague moja na usimame nayo.

Risasi unayotumia, .22 Long Rifle, imekuwepo tangu mwaka 1887, na muundo wake unaeleza kwa nini ina ubishi. Kemikali inayowasha baruti haikuwekwa katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo katika risasi kubwa; imesambazwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na nyundo huwasha kwa kuuponda ukingo huo. Utaratibu huo ni wa bei rahisi sana, ndiyo maana risasi moja ya sanduku kubwa huuzwa kwa senti 7 hadi 10 hivi wakati ambapo hakuna uhaba, huku risasi ya milimita 9 ikigharimu mara mbili au tatu zaidi. Lakini kusambaza kemikali sawasawa katika ukingo mwembamba kiasi hicho ni kazi ngumu, na katika risasi za bei ya chini kabisa mwako hutofautiana kutoka ganda moja hadi jingine. Kasi inapotofautiana, tundu nalo hupanda na kushuka.

Katika bastola kuna jambo ambalo huwashangaza wengi: risasi ya polepole mara nyingi hupiga juu zaidi ya ile ya kasi. Silaha huanza kunyanyuka mara baruti inapowaka, na risasi inayochelewa ndani ya mtutu hutoka wakati mtutu umekwisha kunyanyuka zaidi. Basi kwa kuwa yako inapiga chini, jaribu kwanza risasi za mwendo wa kawaida, zile ambazo uzito wake ni greni 40 na kasi yake iliyoandikwa kwenye sanduku ni karibu futi 1,070 kwa sekunde, badala ya zile za mwendo mkali. Huenda tatizo likaisha bila tupa. Zaidi ya hayo, risasi hizo kwa kawaida hulenga vizuri kuliko za mwendo mkali katika mtutu mfupi, nawe hupotezi kitu, kwa maana karatasi haijui kasi.

Kama bado inapiga chini, umebahatika, kwa kuwa watengenezaji huacha kilengeo cha mbele kikiwa kirefu ili mwenyewe akipunguze. Kukipunguza urefu hupandisha tundu. Hesabu yake ni ile ile niliyompa msomaji wa Columbus: katika rivolva ya ukubwa wa Wrangler, nusu milimita huhamisha tundu kwa takriban sentimita 5 kwenye mita 15. Hakikisha silaha ni tupu na silinda imetolewa, funika ncha ya mtutu kwa utepe ili unga wa chuma usiingie ndani, kisha pitisha tupa laini mara chache tu, ukiishika sambamba. Rudi uwanjani, piga risasi tano ukiwa umeegemea, ndipo uamue kama utaendelea. Acha kabla hujafika pale unapotaka, usogee kidogo kidogo, maana chuma kilichoondoka hakirudi, na kilengeo kilichozidi kukatwa kitakufanya uishi na silaha inayopiga juu. Sehemu iliyobaki wazi ipake rangi nyeusi isiyong'aa. Kwa upande wa kushoto na kulia, tupa haisaidii. Hiyo ni kazi ya fundi.

SWALI: Je, ni busara kununua ile yenye silinda mbili, moja ya .22 Long Rifle na nyingine ya .22 Magnum? — Msomaji wa Minneapolis, Minnesota.

JIBU: Kwa shabaha ya kujifurahisha, sioni sababu kubwa. Risasi ya .22 Magnum, iliyoletwa na Winchester mwaka 1959, ina kipenyo kikubwa kidogo na ganda pana zaidi, na mtutu unaozipokea zote mbili lazima uwe wa suluhu kati yao. Bei ya risasi zake ni mara kadhaa ya zile za kawaida, kishindo chake katika mtutu mfupi kinaumiza masikio hata ukiwa umevaa vizibo, na sehemu kubwa ya baruti yake iliyopimwa kwa ajili ya bunduki ndefu huishia kuwaka hewani mbele ya mtutu. Kama unapenda kuwa na uwezo huo, tazama Ruger Super Wrangler iliyotoka mwaka 2023, ambayo ina kiunzi cha chuma, silinda zote mbili, na kilengeo cha nyuma kinachorekebishwa kwa skrubu. Kilengeo hicho ndicho ambacho ningelipia, si silinda ya pili.

Kuna onyo moja ambalo halina mjadala. Usitie risasi ya .22 Long Rifle ndani ya silinda ya Magnum. Inaingia bila kipingamizi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ganda lake huogelea ndani ya chumba kipana, hutanuka na kupasuka, na gesi ya moto hurudi upande wa mpigaji.

SWALI: Niko Marekani kwa viza ya masomo. Rafiki yangu mwenye uraia amejitolea kuninunulia rivolva ndogo kama hizo kwa jina lake, kwa kuwa ni ya bei ndogo na ya mchezo tu. Je, kuna ubaya? — Msomaji aliyeomba eneo lake lisitajwe.

JIBU: Ubaya upo, tena mkubwa, na udogo wa bei hauupunguzi. Sheria ya shirikisho inamzuia mtu aliyeingia kwa viza ya muda kumiliki au hata kushika silaha na risasi, isipokuwa katika hali chache, mojawapo ikiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kukodi silaha uwanjani kwa saa moja nako kunahesabiwa. Rafiki yako naye, akijaza fomu ya shirikisho namba 4473 akidai kwamba anajinunulia mwenyewe ilhali anakununulia wewe, atakuwa ametoa tamko la uongo linaloadhibiwa kama kosa la jinai. Mahakama Kuu ya Marekani ilisisitiza hivyo mwaka 2014, na mwaka 2022 Bunge liliongeza kifungu mahsusi kuhusu ununuzi wa aina hiyo. Kwa mwanafunzi wa kigeni, matokeo yake hayaishii kwenye faini, yanagusa haki ya kubaki nchini. Kabla ya kufanya lolote, hata lile la leseni ya uwindaji, ongea na mwanasheria wa masuala ya uhamiaji.

Wenye makazi ya kudumu wanaruhusiwa, kama msomaji wetu wa Columbus, ila wanunue bastola katika jimbo wanaloishi. Umri wa kununua bastola kwa mfanyabiashara mwenye leseni umewekwa kuwa miaka 21 na sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, kifungu ambacho kimekuwa kikibishaniwa mahakamani. Na yeyote anayefikiria kuifungasha kwenye sanduku akienda likizo Kenya ajue kwamba huko umiliki wa silaha bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kwamba kibali cha Ohio hakina maana yoyote pale Jomo Kenyatta.

SWALI: Tunaalikwa shambani kwa rafiki, nasi tutapiga makopo pamoja na vijana wetu. Rivolva za .22 zinaonekana ndogo na tulivu. Je, kuna tahadhari za pekee? — Mama wa watoto watatu, Pennsylvania.

JIBU: Dada, jambo la kwanza ni kile kilicho nyuma ya kopo. Kwenye masanduku mengi ya risasi hizo huandikwa kwamba zinaweza kufika maili moja na nusu, na maandishi hayo si ya kutisha watu tu. Safu ya miti si kizuizi. Tafuteni kilima au tuta la udongo lisilo na mawe, maana risasi hii laini hurushwa nyuma na jiwe au na maji kwa urahisi kuliko nyingi nyinginezo. Kila mmoja avae miwani na vizibo vya masikio, hata anayetazama tu.

Wafundisheni vijana kuweka vidole vyote nyuma ya silinda. Kupitia ule mwanya nilioutaja juu hutoka gesi ya moto na vipande vidogo vya risasi kila inapofyatuliwa, kwa hiyo asiwepo mtu anayesimama kando ya mpigaji akiwa sambamba na silinda.

Nyundo ikidondoka na risasi isilie, jambo ambalo hutokea mara kwa mara katika risasi hizi kwa sababu ya ile kemikali ya ukingoni, silaha ibaki imeelekezwa kwenye tuta kwa sekunde 30 nzima, na nyundo isivutwe tena. Silinda ikigeuka wakati risasi iliyochelewa inawaka, italipuka ikiwa haijakabiliana na mtutu. Vivyo hivyo, mlio ukisikika mnyonge kuliko kawaida, simamisheni kila kitu, mtoe risasi zote, na mchungulie mtutu kutoka upande wa nyuma silinda ikiwa imetolewa, maana huenda risasi imekwama humo, na ya pili ikiifuata mtutu utapasuka.

La mwisho linahusu mikono. Risasi zenyewe ni za madini yenye sumu ambayo nayo huitwa risasi (kwa Kiingereza, lead), yale ambayo mafundi huyajua kwa ulaini wake, na kemikali inayoziwasha kwa kawaida huwa na madini hayo hayo, hivyo moshi na vumbi lake hukaa kwenye vidole na kwenye nguo. Chakula kisiliwe karibu na mahali pa kupigia. Wote wanawe kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula, nguo zifuliwe peke yake, na mwenye ujauzito asishiriki kabisa, wala asiachiwe kazi ya kusafisha silaha jioni.